Kushoto Kulia

Barua ni tatu.
Nimezipanga juu ya kioo cha mashine ya fotokopi
dukani kwa Bi Mishi, mkabala na mahakama,
nifanyapo kazi tangu matokeo yatoke:
shilingi tano ukurasa, kumi ukitaka rangi,
mambo ya viapo na mihuri panda ghorofani.

Ya kwanza yatoka Nairobi. Karatasi nzito, nembo ya dhahabu,
jina ambalo ukilitaja watu hukaa vizuri vitini.
Ya pili, Eldoret: nusu ya karo wao watalipa,
na orodha ya vitu vya kubeba, cha kwanza sweta.
Ya tatu ni ya papa hapa mjini,
chuo juu ya benki, lifti mbovu,
masomo jioni kwa wenye kazi mchana.

Mama amepiga hesabu nyuma ya kalenda ya duka la dawa.
Chumba, chakula, nauli, vitabu.
Akajumlisha tena kwa kalamu nyekundu
kana kwamba rangi ingepunguza kitu.
"Sheria si ni sheria? Au hiyo ya Nairobi ina herufi zaidi?"
Mjomba Shalo hataki kusikia.
"Mtoto akipata jina, jina litamlisha."
Yeye aliachia darasa la saba, na vyuo vyote avijua
kwa magazeti yanayofungiwa viazi karai.

Nikamuuliza Mghoi wa masjala.
Karani hajui sifa za chuo,
ajua wakili yupi huleta faili isiyo na ukurasa wa sita.
Akacheka. "Mwisho mtakutana wote
kwenye mtihani mmoja wa uwakili.
Pale majina huvuliwa mlangoni, kama viatu."

Lakini liko nisilomwambia mama.

Jumanne aliingia yule wakili wa upande wa pili.
Hakunitambua. Alitaka nakala sita za shahada yake,
ana zabuni ya kuomba.
Nikaiweka kifudifudi juu ya kioo,
mwanga ukapita, kushoto kulia, kushoto kulia,
na kila karatasi ikatoka na joto la mkate
na nembo ile ile.
Huyu ndiye aliyesimama mara kumi na moja
juu ya kiwanja chetu cha Kisauni, akasema,
"Mheshimiwa, twaomba siku nyingine,"
hata kesi ikazeeka, na baba pamoja nayo,
hata koti la mahakamani likabaki msumarini
mabega yakiota vumbi.
Alinilipa thelathini kamili.
"Shukran, mwanangu," akasema.
Mtu wa adabu. Hilo ndilo lililoniuma.

Basi walimfundisha vyema.
Kusubirisha watu nako ni elimu.
Niende nikakae dawati alilokalia,
nijue ile "siku nyingine" hufumwa vipi?
Dawa ya moto ni moto, wasema watu,
ila sijaona zimamoto wa kaunti wakija na kiberiti.

Mwisho wa kujibu ni Ijumaa.
Kesi, wamesema, tarehe tisa mwezi wa tatu.
Toka Eldoret ni usiku kucha na kipande cha mchana.
Toka juu ya benki ni kuvuka barabara.
Sitakuwa na la kusema, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza;
nitakuwa benchi la tatu, na kalamu,
nikihesabu.

Nimeandika *nakubali* kwenye ile ya lifti mbovu.
Si ushujaa. Kalenda ya mama imechangia,
na sweta sina.
Ile ya dhahabu sikuichana.
Nimeitoa nakala moja, ya rangi, kwa pesa yangu,
iko chini ya trei ya karatasi,
na siku zingine mkono waenda wenyewe kuipapasa.

Jana baba aliniuliza, macho yako kwenye redio,
"Wapi, basi?"
"Hapa."
Akanyamaza hata taarifa ya habari ikesha.
Kisha akauliza pasi iko wapi.