Tunga Sentensi

Kila Jumatatu naandika maneno ishirini ubaoni,
chaki ikilia pale ubao ulipoingia unyevu,
na kidato cha sita wanayanakili kimya
kama watu wanaohesabu madeni.
Ijumaa yanarudi: madaftari thelathini na nane
juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi,
kila neno limetungiwa sentensi.

Sentensi nyingi hazina mtu ndani.
Yohana ni mkaidi. Serikali ni adilifu.
Mlima ni mkubwa mno. Huo hata mimi nauona,
alfajiri, kabla mawingu hayajaamka.
Natia vema, natia vema, napiga miayo,
chai inapoa.

Lakini Aikaruwa, dawati la dirishani,
wiki ya pili, neno la saba,
lile la jambo linalofanywa kwa kificho:
"Baba mdogo alikuja usiku kwa kificho akang'oa masale yetu."
Kiingereza safi, ila masale kayaacha masale.
Nikapiga mstari mwekundu: Tafsiri.
Wiki iliyofuata, kwa penseli, pembeni:
Halina, mwalimu. Nimetafuta.

Mimi mtu wa Kasulu. Nikamuuliza Mama Kileo wa maktaba.
"Mmea tu," akasema, akigundisha jalada la kamusi.
"Ndiyo mpaka wa kihamba. Ndiyo ushahidi.
Na ukimkosea mtu, unampelekea jani lake limepigwa fundo,
hawezi kukukatalia."
Mmea tu.

Tangu hapo maneno sikuyachagua kwa muhtasari peke yake.
Nakiri.
Wiki ya nne niliingiza neno la kurithi,
nikapata babu, wake wawili, migomba mia na arobaini.
Wiki ya tano, shahidi asiyeaminika:
nikapata mwenyekiti wa kitongoji na debe lake la mbege.
Wiki ya sita nilipachika rufaa katikati ya maneno ya fasihi,
likakaa pale kama mbuzi kanisani,
darasa zima likakuna kichwa.
Yeye alinitazama kidogo tu, akaandika:
"Hatuna nauli ya rufaa."

Alikuwa amejua. Nami nikajua kwamba amejua.
Hatukuzungumza. Koridoni, shikamoo mwalimu,
marahaba, basi.
Ila Ijumaa nilipekua rundo nikilitafuta lake
kama mzee anayesubiri taarifa ya habari ya saa mbili.

Na nilisahihisha, jamani. Ndiyo kazi.
Mama yake alipolala juu ya mpaka ili shoka lisipite,
niliandika: angalia kihusishi.
Alipompa baba mdogo jina ambalo mimi sikulifundisha,
niliandika: msamiati mzuri, tahajia mbaya.

Wiki ya nane hakuleta.
Wiki ya tisa hakuleta.
Masika imekata barabara ya Mbokomu, walisema wenzake;
wengine walisema mengine.
Nikamwekea sufuri mbili, kwa penseli.

Wiki ya kumi, ya mwisho kabla ya mtihani,
neno la ishirini: kupatana tena baada ya ugomvi.
Nililiandika kubwa kuliko mengine, bila kukusudia,
au kwa kukusudia.

Daftari limekuja.
Sentensi kumi na tisa hazina kosa, hazina mtu ndani.
Yohana. Serikali. Mlima.
Kwenye ishirini hakuna wino.
Kuna jani refu la kijani, limepigwa fundo,
limebanwa hadi maji yake yamechora karatasi.

La nani kwa nani?
Baba mdogo kwa baba yake, limeshapokelewa,
nami naonyeshwa tu mwisho wa hadithi?
Au lake kwangu, kwa zile wiki mbili?
Mama Kileo ameshafunga maktaba.
Kalamu nyekundu iko wazi, inakauka.
Sheria niliitunga mwenyewe mwezi wa kwanza:
pasipo sentensi, hakuna alama.

Navuta droo. Chaki, pini, risiti ya mafuta ya taa.
Kilikuwa hapa kifutio, jana tu.