Nusu ya Kichwa

Umeme ulikatika saa nne na robo
mashine ikiwa katikati ya kichwa cha Cirhuza.
Kulia, kipara kinachong'aa.
Kushoto, nywele za mwezi mzima.
Benchi zima likacheka.
Kwetu Kadutu tumeshazoea:
kinyozi anakuanza,
anayekumaliza ni Ruzizi.

Tukangoja. Muuza maandazi akapita mara mbili.
Cirhuza alijitazama kiooni, hakucheka.
"Twende," akasema,
"tukaone huo mto unafanya nini."

Nilidhani ni mzaha. Hata hivyo nikatia mfukoni
wembe mpya na kipande cha sabuni,
nikafunga mlango kwa kamba.

Piki moja, watu watatu.
Panzi ikapita, Nyangezi ikapita na ndizi zake,
kisha Ngomo: barabara imebanwa na mlima bega moja,
bega la pili halina kitu.
Dereva akaacha kupiga soga.
Nami nikaacha kuangalia chini,
nikaangalia mgongo wa shati lake, mshono hadi mshono.

Tuliposhuka nikausikia kabla ya kuuona.
Nilitarajia mto mnene, mpana,
mto wenye kifua cha kuwasha mji.
Ulikuwa mwembamba.
Ziwa zima la Kivu lina mlango mmoja wa kutokea,
na mlango ndio huu, ufa kati ya miamba,
maji yanasukumana humo kama watu
waliosikia kwamba mgao wa unga unakaribia kwisha.
Meupe. Hayana muda na mtu.
Ng'ambo, Rwanda, mtoto anafukuza mbuzi,
mdomo wake unafunguka, sauti haifiki.

Nikasema, "Haya, umeuona. Uulize."

Cirhuza alikuwa anahesabu kona.
Ya tano. Ya sita.
Kwenye ya saba palikuwa na jiwe lililopakwa chokaa.
Akasimama hapo na kichwa chake cha nusu.

"Mugaruka alikuwa anapanda na Fuso kutoka Kamanyola.
Mpunga, magunia sitini.
Walipata kofia. Walipata magunia mawili,
moja limeshaanza kuota.
Yeye hawakumpata.
Mama akaniambia, nyoa, tumalize msiba.
Nikamwambia, nikinyoa nitakuwa nimemzika mimi,
na mimi sijamwona.
Mwezi mzima, kila asubuhi: nyoa.
Leo hakusema kitu. Alinipa tu pesa ya kinyozi."

Nami asubuhi ile nilikuwa nimemfunga kitambaa shingoni,
nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote:
*mtindo gani?*

Hatukuwa na maji ila yale ya kunywa.
Nikayamwaga utosini, nikasugua sabuni.
Aliketi kwenye lile jiwe, uso kuelekea korongo,
nami nikasimama nyuma yake, miguu nimeitanua,
maana upepo wa pale unakusukuma bila kukuuliza jina.
Wembe ulikwenda polepole.
Mkono wangu, miaka kumi na minne ya kazi,
ulikuwa unajifunza upya.
Mabega yake yalikuwa yakitikisika.
Kama alilia, mto ulilia juu yake kwa sauti kubwa zaidi,
kwa hiyo mimi sikusikia, na siwezi kutoa ushahidi.

Nywele hazikuanguka. Zilipaa kwanza,
zikazunguka mbele yetu, zikajadiliana,
kisha zikashuka zote pamoja.
Maji yale yanakwenda Uvira.
Yanakwenda Tanganyika, kwenye kina
ambako hakuna anayehesabu.

Nilimkata kidogo nyuma ya sikio.
"Pole," nikasema.
"Acha," akasema, "hiyo ni ya kwake."

Pesa ya mama nilikataa. Akaiweka kwenye jiwe,
akaifikiria, akaichukua tena,
akamlipa dereva wa piki.

Tulifika Kadutu giza limeingia, na taa zinawaka.
Toka mbali nikasikia mlio nyuma ya mlango wangu.
Nilisahau kuzima.
Nikafungua kamba:
mezani, mashine ilikuwa inatembea peke yake,
inanyoa hewa,
imefika karibu na ukingo.