Tisa ya Pau

Karata zetu zina kilema.
Tisa ya pau ilipotea msimu wa mvua kubwa,
Anguyo akakata nyingine kwenye boksi la sabuni,
akaichora kwa kalamu ya bluu.
Ukiishika, meza nzima inakuona:
mgongo wa njano kati ya migongo myekundu,
kama kuingia harusini bila shati.

Alhamisi, Arua, nyuma ya duka la spea za baiskeli,
jenereta ya jirani ikikohoa,
tunacheza poka. Elfu moja kuingia.
Wanaume wanne
na Driciru, mkunga mstaafu,
miwani imefungwa kwa uzi, chai ya tangawizi ubavuni.

Nilidhani mchezaji hodari ni mkono mwepesi.
Mkono mwepesi ninao mimi,
na madeni ninayo.
Nikadhani ni moyo. Ezati ana moyo:
amewahi kuacha hapa pampu, kofia
na kodi ya nyumba ya mwezi wa tatu.
Rajabu ana hesabu, anaifundisha sekondari,
atakwambia kwa asilimia jinsi atakavyoliwa,
kisha analiwa.

Driciru hutupa.
Mara nane katika kumi hutupa tu,
kama achambuaye mchele gizani kwa vidole.
"Magarasa," husema, anakunywa chai.
Hana haraka na pesa yake,
wala na yetu.

Usiku mmoja ile ya njano ikamwangukia.
Sote tukaiona, sote tukainamisha nyuso.
Mezani palikuwa na saba, nane, kumi.
Akapandisha dau polepole, kwa aibu,
kama mtu aliyefumaniwa na bahati,
akamwacha Rajabu apige hesabu zake zote.
Rajabu akatupa ree mbili.
Driciru akafunua: tisa ya boksi
na mbili ya uru. Takataka tupu.
"Ninyi mnaitazama karata," alisema.
"Mimi nawatazama ninyi."

Nilimuuliza uso ule aliununua wapi.
"Wodi ya wazazi," akasema.
"Mtoto katanguliza miguu, umeme umekatika,
na mama hatazami mikono yako, anakutazama usoni.
Ukikunja ndita, anaacha kusukuma.
Basi unamkopesha uso
mpaka apate wake."
Kisha: "Gawa, bwana, chai inapoa."

Mwezi wa sita simu yake ilitetemeka.
Akasoma. Akailaza kifudifudi karibu na glasi.
Katikati ya meza palikuwa na elfu themanini,
sijawahi kuona noti nyingi hivyo zikiwa hazina mwenyewe.
Akazitazama karata zake mara ya pili,
yeye ambaye hutazama mara moja tu,
akazitupa.
Akalipia chai. "Alfajiri nina safari ya Koboko."
Mlango ukafungwa, tukacheka:
bibi kaogopa!
Ezati akacheza kwa mabega akikusanya noti.

Mimi nikafanya lisilofanywa,
nikafunua alizozitupa.
Kopa mbili. Mezani kopa tatu.
Zile fedha zilikuwa zake.
Nikazichanganya haraka na nyingine,
na Ezati mpaka leo hajui.

Asubuhi tukasikia: mwanawe, wa mwisho,
lori, breki, mteremko.
Kumbe alikuwa ameketi nasi na msiba mapajani
akisubiri zamu yake ifike,
asitukatizie mchezo.

Alirudi baada ya wiki saba.
Glasi ileile, uzi mpya kwenye miwani.
Hatukujua la kusema, kila mmoja akakohoa
kumsaidia jenereta.
"Nani anagawa?"
Nilikuwa mimi. Mkono wangu mwepesi
ulikuwa mzito kama nyundo.
Moja, moja, nikizunguka,
na ile ya njano, kwa uhuni wake, ikaenda kwake.

Rajabu alitazama dari.
Ezati alitafuta kitu mfukoni.
Hakuna aliyeiona.

Alituacha tusiione kwa muda mrefu,
kisha akapandisha dau.