Wastani ni Sifuri

Mama alishuka treni ya saa nne kutoka Pazardzhik
na mpira kwapani, umefungwa kwa kitambaa cha meza,
kana kwamba Plovdiv nzima haina mipira.
"Nionyesheni hilo handaki lenu la upepo," akasema
kabla hajasalimu, kabla hajavua koti.

Kwa miezi saba nilikuwa na tufe la alumini,
laini kama yai lililomenywa,
limesimama juu ya kijiti chenye kihisio.
Upepo huja, hulikumba usoni,
hulikumbatia hadi karibu na kiuno,
kisha huchoka, huachia.
Hapo nyuma ya tufe ndipo penye mambo:
visulisuli huzaliwa, hunyofoka kimoja kimoja,
hiki kulia, hiki juu, hiki sijui wapi,
na kila kinachoondoka
hulipiga tufe teke dogo la kuagia.

Mhandisi Lyuben hapendi mateke.
"Jumlisha, gawanya," husema, "nipe wastani."
Nami humpa: kani ya ubavuni, wastani, sifuri.
Sifuri safi, yenye nukta na sifuri tatu nyuma yake.
Hutia sahihi, huenda kunywa kahawa.
Mimi hubaki na grafu,
mistari inayotetema kama mdomo wa mtoto aliyekatazwa kulia,
nikitafuta sekunde moja, moja tu,
ambayo tufe halikusukumwa upande.
Sijaipata.

Mama alichezea timu ya wavu ya kiwanda cha nguo,
jezi namba sita, mwaka ule theluji ilipoangusha paa la ukumbi.
Hakuwa na nguvu za bega. Hakujua kuruka.
Alichojua ni kuupiga mpira usizunguke:
kiganja kigumu, pigo fupi, mkono unarudi hapohapo
kama wa mtu aliyegusa sufuria ya moto.
Mpira ulivuka wavu umekodoa macho,
kisha njiani ukabadili nia.
Wapokeaji walinyoosha mikono pale ulipokuwa unakwenda,
nao ukatua pale walipotoka.
Mmoja, Verka wa Sliven, alitema mate chini akamwita mchawi.
Hadi leo hutumiana kadi za mwaka mpya.

Emil akaling'oa tufe, akaufunga mpira kijitini,
ngozi imechubuka, mshono mmoja umetiwa uzi wa kiatu.
"Valvu itazame upepo," Mama akaamuru.
"Kuna tofauti?"
"Ukiielekeza kwangu, mpira huanza kwenda kushoto.
Ukiielekeza kwao, hata mimi sijui."

Tukawasha. Mita kumi kwa sekunde. Kumi na mbili. Kumi na nne.
Kani ya kukokota ikapanda, ikapanda,
kisha ghafla ikaporomoka:
upepo ulipozidi kasi ulijifunza kung'ang'ania,
ukalizunguka bega la mpira, mkia ukasinyaa.
Na katikati ya kuporomoka huko,
upande mmoja umeshika, wa pili umeachia,
mstari wa ubavuni ukaruka nje ya skrini.

"Hapo," Mama akasema, kidole kwenye kioo.
"Hapo ndipo nilipokuwa nikiupiga."
Hakuwahi kuwa na kihisio, wala jedwali.
Kiganja kilikuwa kimeshapima.

Nilitaka kumuuliza mengi,
juu ya ile miaka baada ya kiwanda kufungwa,
alipokuwa akijibu kila simu yangu "sijambo, sijambo,"
wastani, sifuri,
nami nikatia sahihi
nikaenda kunywa kahawa.

Badala yake tulikula banitsa juu ya faili za Lyuben,
mafuta yakapenya hadi ukurasa wa majibu.
Emil akauliza tuandike nini.
Mama akafuta vidole, akauviringisha mpira kitambaani.
"Andikeni kwamba unatikisika.
Na valvu. Msisahau valvu."