Daftari la Getini

Erasto wa ofisi ya magari ana kalamu inayong'aa
na neno moja analolipenda: dakika.
Dakika thelathini, dada Mwanahawa, betri imejaa,
unamaliza kahawa, unaondoka.
Hili la chaji ya kawaida linalala usiku kucha kama mgonjwa.
Tofauti yake laki moja na themanini kwa mwezi,
mkataba miaka mitatu,
gari ni letu, wewe ni mpangaji tu.

Mpangaji. Neno hilo nalijua.
Nimepanga Tabata Kimanga, vyumba viwili na sebule,
ukuta mmoja na mama Nasra,
ambaye akipiga pasi, taa yangu inakonyeza.

Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Milioni sita na nusu, kasoro elfu ishirini,
kununua haraka.
Haraka ya kwenda wapi?
(Na ile methali ya baraka msiniletee.
Aliyeitunga hakuwahi kusubiri majibu ya maabara.)

Niseme kweli: niliitaka ya kasi.
Niliitaka kwa ajili ya usiku mmoja,
na kwa usiku ule ningelipa hata milioni saba.

Nyamhanga, mlinzi wetu, ana daftari la mistari.
Mwenye nyumba alimpa tangu betri ya Pajero ilipoibwa.
Kuingia, kutoka, sababu.
Hiyo safu ya sababu ni yake mwenyewe, hakuagizwa na mtu.
Nikamwomba nilisome.
Akalitoa chini ya redio, akalifuta vumbi kwa kiganja.

IST nyeupe. Imeingia saa 1:20 usiku. Imetoka 11:30 alfajiri. Kazi.
Imeingia saa 2 kasoro. Imetoka 11:40. Kazi.
Kazi. Kazi. Kazi.
Jumapili haikutoka. Anafua.
Aprili, saa 8:10 usiku. Mtoto.
Huyo ni Sudi na pumu yake. Hadi Amana, kilometa nane;
hata betri ya tochi ingetufikisha.

Kurasa arobaini za maisha yangu
kwa mwandiko wa mtu anayeandika amesimama,
na karibu kila usiku gari limelala saa kumi,
limetulia, halidai kitu.
Sikujua kama nina muda mwingi hivyo.

Nikarudi nyuma mpaka Agosti ya mwaka juzi.
IST nyeupe. Imetoka saa 12:05 asubuhi. Msiba.

Kaka Kaniki alipiga mara sita tangu saa saba usiku.
Simu ilikuwa sebuleni, kwenye chaji, sauti nimeizima.
Tangi la petroli lilikuwa limejaa. Nakumbuka,
nililijaza jioni ile ile, Buguruni, nikadai risiti.
Muheza walimzika baba saa nne.
Niliingia saa tano na robo,
udongo bado mbichi, majembe yameegemezwa mchungwani.

Nikalifunga daftari.
Nyamhanga hakuuliza. Akaongeza sauti ya redio kidogo.

Kesho yake Erasto akanikazia macho: Una uhakika?
Na umeme ukikatika?
Nikamwambia, hiyo ya kasi nayo hunywa kisima kile kile.
Nikatia sahihi kwa kalamu yake. Wino ulikuwa unakwamakwama.

Sitasema sijuti. Juzi, foleni ya Ubungo,
mshale umeshuka hadi kumi na tano kwa mia,
nikazima kiyoyozi, nikaiona milioni yangu sita na nusu
ikiniaga kwa mkono.

Lakini nilifika. Nikachomeka waya kwenye mita yangu mpya,
simu nikaiweka chini ya mto, sauti juu kabisa.
Asubuhi, nikipita getini, nikachungulia:

Gari jipya. Limeingia saa 1:35 usiku. Linakula.

Na chini yake, kwa peni nyekundu, saa tisa:

Bado linakula.