Haiku Nini?

Mpwa wangu Aikaruwa aliisoma plasta
niliyoibandika kwenye flashi, imeandikwa kwa peni ya bluu:
HAIKU.
Akauliza, "Haiku nini, mjomba?
Haikuwaka? Haikusikia? Haikurudishwa kwa mwenyewe?
Mbona umeanza neno ukaliacha njiani?"

Nikamwambia ndilo jina. Ni mfumo
wa kuendeshea kompyuta, si ule wa kila ofisi,
si ule wa kila kafe ya Double Road.
Huu wanautengeneza watu wachache, waliotawanyika,
kama watu wa mfongo kule Uru: kila mmoja na jembe lake,
zamu kwa zamu, halipwi mtu, na maji yanafika.
"Sawa," akasema, "lakini umekanusha
kabla hujajua unakanusha nini."
Yuko kidato cha pili. Hawezi kuacha kitu kipite.

Kompyuta yenyewe ni ya marehemu mama,
karani wa chama cha msingi miaka kumi na tisa.
Bawaba imefungwa kwa tyubu ya baiskeli,
herufi N imefutika.
Mfumo wake wa zamani, ukiuwasha,
unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe,
ndipo inatokea ile picha ya maua.

Nikachomeka flashi. Nikabonyeza F12.
Haikusoma.
Nikaichomoa, nikaipuliza kama kaa la moto,
nikahamia tundu la pili.
Ikasoma. Vialama vikawaka, kimoja, kingine,
kama nyumba za juu umeme unaporudi kwa awamu.

Ikaniuliza: niweke wapi?
Diski ilikuwa na sehemu mbili: moja tupu, moja ya mama.
Kidole kilining'inia hadi skrini ikazima mwanga.
Nikasoma tena, na tena,
kama mtu anayetia saini hati ya kihamba.
Tupu. Nikabonyeza tupu.

Hata kiburu hakijapoa, imemaliza.
Madirisha yenye sikio la njano juu, kona ya kushoto.
Mashine ile ile, tyubu ile ile,
sasa inajibu kabla sijamaliza kuuliza.

Lakini sauti haikutoka.
Wayafai haikuonekana.
Kamera haikufunguka,
na Aikaruwa anahesabu kwa vidole, anacheka:
"Unaona? Imeanza kutimiza jina."

Sehemu ya mama ilikuwepo, salama, ikoni ya pembeni.
Nikabofya mara mbili.
Msimu mmoja wa zamani. Majina, kilo, safu ya mwisho:

Ndetaramo, arobaini na mbili. Haikulipwa.
Eliningaya, kumi na saba na nusu. Haikulipwa.
Lyatuu mdogo, sitini. Haikulipwa.

Hivyo hivyo mpaka chini, kahawa ya kijiji kizima.
Na hakunakili, alichapa kila neno upya;
najua, maana pamoja ameandika haikulipa,
pengine hakulipwa, kana kwamba hapo alimfikiria mtu,
si gunia.
Na mstari mmoja, wa kilo tisa, umeishia haiku
basi. Labda umeme ulikatika.
Labda alikwenda kutafuta miwani.

Aikaruwa hakucheka tena.
Printa haikutambuliwa, nami sikushangaa.
Luku inasoma mbili nukta nne.
Nikatoa kaunta buku, akashika peni,
mimi nikasoma, yeye akaandika,
na skrini ikangoja nasi, haina haraka.

Tulipofika kwenye kilo tisa akainua kichwa:
"Hili nilimalizie, au niliache?"
Nikamwambia acha nafasi.
Mwenye kilo tisa yu hai, anakaa nyuma ya zahanati.
Kesho tunapanda. Tutamuuliza yeye.