Bila Mizani

Saa kumi na nusu. Mlango wa bati
nauinua kidogo usilalamike,
natoka na viatu mkononi
kama mpangaji anayekwepa kodi.
Umeme umekatika tangu jana, Kitangiri yote nyeusi,
na mimi, Mungu anisamehe, nashukuru.

Kazini napima sangara.
Miaka kumi na minne mbele ya mizani:
kilo nne na robo, kilo sita, huyu mdogo, weka pembeni.
Vidole vimekufa ganzi kwa barafu,
na nikilala naota tarakimu
zina magamba.
Basi mtu asiniulize nimekimbia kilomita ngapi.

Naanza kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu
na hana hakika kama arudi.
Magoti yanagombana, ndugu wa tumbo moja,
mpaka kwenye kibanda cha Mama Nkwimba
yanapatana.
Pumzi inatafuta mahali pake, inapaona, inakaa.
Hapo raha inaingia bila hodi:
si ile ya vigelegele, la,
ni kama kuvua pete iliyobana.

Mwenda pole hajikwai, husema watu.
Nimejikwaa mara mbili mwezi huu,
mara zote kwenye jiwe lilelile
ambalo watoto wangu wamelipa jina, Mjomba,
kwa sababu halihami na halisaidii.
Lakini mwenda pole akianguka
hana mbali pa kuangukia.

Kilima cha Bwiru mchana kinanitisha,
majabali yamebebana, nyumba zimejishika kwa kucha.
Sasa sikioni,
na kisichoonekana hakina urefu.
Miguu ndiyo inayopewa habari, tena kwa utaratibu,
kidogo, halafu kidogo tena.
Nashtukia niko juu.

Magesa, mlinzi wa ghorofa lisiloisha,
siku ya kwanza alinimulika usoni:
"Unamkimbia nani?"
Nilikosa jibu. Nilimletea siku ya tatu:
"Hakuna."
Alifikiri, akasema, "Basi kimbia tu."
Siku hizi anawasha tochi mara moja, anazima.
"Wangaluka," namwambia.
Anacheka. Yeye Mjita.

Ziwa nalo silioni.
Lipo kwa harufu, tope na magugu maji,
lipo kwa ubaridi unaopita kwapani.
Mwezi uko gizani, kwa hiyo wavua dagaa wametoka wote;
taa zao kule mbali zimepanga mtaa
usio na barabara wala namba za nyumba.
Kuna siku nilianza kuzihesabu.
Nilifika tisa, nikajikemea.

Kurudi ni mteremko, na mteremko haunidai.
Mikono inaning'inia. Mdomo uko wazi kama wa mtoto usingizini.
Hakuna anayeona tumbo langu linavyotikisika,
hakuna wa kuniita bingwa kwa kejeli,
na kwa muda, sijui mrefu au mfupi,
hata mimi sipo sana:
kuna tap, tap, na mchanga,
na mbwa mmoja aliyeamua kutobweka.

Kisha adhana Kirumba. Kisha jogoo, amechelewa.
Majabali yanaanza kupata migongo,
pimbi wa kwanza katoka kuniangalia
kama karani aliyefungua dirisha.
Najisikia nimeanza kupimwa. Naongeza kidogo mwendo.

Mlangoni navua viatu.
Limi, binti yangu, anauliza gizani,
"Baba, umefika wapi leo?"
"Hapo tu."

Umeme ukirudi kesho,
nitapitia njia ya nyuma.